Uso Hausuguliwi kwa Nguvu

Kuanzia Juni hadi Agosti, kipwa, yaani kiangazi, kinapoishika Bukavu, vumbi jekundu la miteremko ya Kadutu na la njia za Panzi hutua juu ya kila kitu, na nyuso za watu hazisalimiki. Ngozi hukauka, hupauka, na ule ung'avu wa msimu wa mvua huondoka. Hapo wengi hukimbilia gomaji, yaani kuusugua uso ili kuondoa seli zilizokufa. Wenye uwezo huenda saluni, wengine huchanganya sukari na ndimu jikoni, na wapo wanaochukua wavu mgumu wa kuogea au hata jiwe la kusugulia visigino na kulipeleka shavuni. Nia yao ni njema: kila mtu anapenda uso safi, laini, unaopendeza. Lakini njia wanayoifuata mara nyingi huwaletea kinyume cha wanachokitafuta. Hoja yangu ni kwamba ngozi nyeusi ikisuguliwa kwa nguvu huzaa madoa yale yale ambayo mwenyewe alitaka kuyaondoa, na kwa hiyo anayetaka uso mzuri hana budi kusugua kidogo, kwa nadra, kwa kitu laini, kisha kuukinga uso na jua. Yanayofuata ni sababu za hoja hiyo na namna ya kuitekeleza kwa vitu vinavyopatikana hapa mjini.

Tuanze na ngozi yenyewe. Sehemu yake ya juu kabisa ni utando wa seli zilizokwisha kufa, zilizopangana na kushikana, na katikati yake mna mafuta yanayozuia maji ya mwilini yasipotee na vijidudu visiingie. Usoni utando huo ni mwembamba mno, unene wake ukiwa kama sehemu moja au mbili za mia za milimita, tofauti kabisa na wa kisigino au kiganja. Chini yake seli mpya huzaliwa kila siku, hupanda juu taratibu, hufa, kisha vimeng'enya vya ngozi yenyewe huzifungua na zikadondoka bila sisi kuziona. Kwa kijana mwenye afya safari hiyo huchukua takriban wiki nne. Umri ukisonga, huwa ndefu zaidi. Maana yake ni kwamba ngozi hujisafisha yenyewe. Gomaji huisaidia tu pale inapochelewa, na aliyekuja kusaidia hapaswi kuharibu kazi iliyokuwa ikiendelea. Anayekwangua mpaka uso unawaka amevuka seli zilizokufa na kuanza kubomoa ukuta unaomlinda.

Ukuta huo ukibomolewa, ngozi nyeusi ina tabia yake ambayo kila mmoja wetu anapaswa kuijua. Melanini, ile rangi inayotupa weusi wetu, hutengenezwa na seli maalumu zilizo chini ya utando wa juu. Seli hizo huitikia uchungu wa aina yoyote: chunusi iliyobinywa, moto wa pasi, mkwaruzo wa ukucha, dawa kali. Ngozi ikivimba, seli hizo hutoa melanini nyingi kupita kiasi, na mahali palipoumia hubaki doa jeusi kwa wiki, kwa miezi, na kama rangi imezama chini, hata kwa miaka. Jambo hili hutokea kwa watu wa rangi zote, lakini kwetu hutokea kwa urahisi zaidi na hudumu zaidi. Tatizo lingine ni kwamba kwenye ngozi nyeupe dalili ya kwanza ya madhara ni wekundu unaoonekana waziwazi, na mhusika huacha. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo haujitokezi vizuri, hivyo mtu huendelea kusugua akidhani hakuna kilichoharibika. Sisi tunapaswa kutafuta dalili nyingine: joto usoni, ngozi kukaza baada ya kunawa, kuchomachoma unapopaka mafuta ya kawaida, mng'ao wa ajabu kama wa nailoni, na baadaye weusi kwenye mashavu na kuzunguka mdomo. Ukiona moja ya hizo, gomaji imekwisha kuwa jeraha.

Mtu atasema: hayo ni sawa, lakini vumbi la Bukavu nalo? Mwanamke anayeshinda sokoni Kadutu au Nyawera, au kijana wa pikipiki, anarudi jioni uso ukiwa na tabaka la udongo; je, maji peke yake yatatosha? Jibu ni kwamba vumbi hukaa juu ya ngozi, likiwa limeshikwa na jasho na mafuta. Halihitaji kukwanguliwa, linahitaji kulainishwa na kusuuzwa. Anza kwa kulowesha uso, paka kisafishio laini au sabuni isiyo kali kwa ncha za vidole, zungusha polepole kwa muda wa kuhesabu hadi thelathini, kisha suuza kwa maji mengi. Kama ulijipaka vipodozi au mafuta mazito, futa kwanza kwa pamba yenye mafuta mepesi kabla ya kuosha. Kosa linaloonekana mara nyingi ni kutumia sabuni ya kufulia usoni. Ngozi ina uasidi kidogo, kipimo chake cha pH kikiwa karibu na 5, wakati sabuni ya kipande hufika 9 au 10. Hata maji ya Ziwa Kivu, ambayo familia nyingi huyachota kwa bidoni mabomba yanapokauka, yana pH inayokaribia 9. Mtu anayenawa kwa maji hayo pamoja na sabuni kali, mara tatu kwa siku, anakausha uso wake mwenyewe. Magamba meupe anayoyaona kisha akayaita uchafu ni ngozi iliyokosa mafuta. Dawa yake ni kupaka mafuta mara baada ya kunawa, uso ukiwa bado na unyevu. Kusugua magamba hayo kunayaongeza.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi, kwa kuwa linagusa mila zetu: ndimu, papai, kahawa na asali ni vitu vya asili, bibi zetu walivitumia, vitatudhuru vipi? Uasili si ushahidi wa usalama. Juisi ya ndimu ina pH ya karibu 2, uasidi mara mia kadhaa kuliko wa ngozi, na tena ina kemikali ambazo zikipigwa na jua huunguza ngozi; mtu aliyepaka ndimu asubuhi na kutembea juani anaweza kupata malengelenge, kisha madoa meusi yanayodumu kwa muda mrefu. Bikabonati ya jikoni huelekea upande wa pili na kuutikisa uasidi unaolinda ngozi. Papai nalo tulitazame vizuri. Utomvu wa papai bichi una kimeng'enya kiitwacho papaini, ambacho huko Beni, Kivu Kaskazini, wakulima wamekigema kwa miaka mingi na kukiuza nje ya nchi kwa sababu kina nguvu ya kuvunja protini; ndicho kinacholainisha nyama ngumu iliyofungwa kwenye majani ya mpapai. Kitu chenye nguvu hiyo hakipaswi kupakwa kikiwa kibichi kwenye uso wa mtu, kwani huwasha, huunguza, na baadhi ya watu huwasababishia mzio mkali. Nyama ya papai lililoiva haina nguvu hiyo, na ukiipaka dakika chache na kuisuuza haikudhuru, ingawa faida yake ni ndogo. Punje za sukari na machicha ya kahawa ya Kivu yana kingo kali. Yaache kwa viwiko, magoti na visigino, ambako ngozi ni nene. Asali safi, isiyochanganywa na kitu cha kukwaruza, ni laini na hushika unyevu.

Wala si kweli kwamba mila zote zilikuwa za kukwangua. Kwenye pwani ya Waswahili, kuanzia Lamu hadi Unguja, wanawake wamejipaka liwa tangu zamani. Kipande cha mti husagwa juu ya jiwe kwa maji kidogo mpaka kitoe uji laini, na uji huo ndio hupakwa usoni, ukaachwa, kisha ukaoshwa. Ukali wa jiwe huishia kwenye mti, haufiki kwenye shavu. Waliouanzisha utaratibu huo walielewa kwamba kinachogusa uso lazima kiwe kimekwisha kulainishwa. Huo ni urithi unaofaa kufuatwa. Jiwe la visigino likipelekwa usoni halina bibi wa kulitetea.

Siku hizi zipo pia chupa za maji ya asidi zinazouzwa kwenye famasi na maduka ya vipodozi ya katikati ya mji, na watu wengi huziogopa kwa sababu ya jina, huku wakiiamini punje ya sukari. Hapa hofu imeelekezwa pabaya. Asidi laktiki, ambayo hutokana na maziwa yaliyochacha, na asidi glikoliki, ambayo asili yake ni muwa, hulegeza vifungo vinavyoshika seli zilizokufa, zikaachia zenyewe bila mkwaruzo. Asidi salisiliki huyeyuka kwenye mafuta, hivyo hupenya kwenye vitundu na kufaa kwa uso wenye mafuta na chunusi. Kinachoamua usalama ni kiasi. Mwaka 1998 jopo la wataalamu wa Marekani linalopima viungo vya vipodozi lilihitimisha kwamba asidi za kundi la glikoliki na laktiki ni salama kwa matumizi ya nyumbani zisipozidi asilimia 10, pH isiposhuka chini ya 3.5, na mtumiaji akijikinga na jua. Kwa ngozi zetu zinazoelekea madoa ni busara kuanza chini zaidi: laktiki asilimia 5, au salisiliki kati ya 0.5 na 2. Glikoliki ina chembe ndogo zaidi, huzama haraka na huchoma zaidi, kwa hiyo isiwe ya kwanza kujaribiwa. Chupa isiyoandikwa asilimia wala tarehe ya mwisho, iache dukani. Zile za asilimia 30, 50 au 70 ni kazi ya daktari, hata kama mtu anaziuza hadharani.

Sasa namna ya kufanya. Chagua njia moja tu, kitambaa au asidi, usizichanganye siku moja. Kwa kitambaa, tafuta pamba laini iliyochakaa kwa kufuliwa, ichovye kwenye maji ya uvuguvugu, na baada ya kuosha uso ipitishe kwa miduara midogo kwa nusu dakika, ukibonyeza kiasi ambacho ungembonyeza mtoto mchanga. Ruka kope na ukingo wa macho. Kitambaa kifuliwe na kuanikwa juani kila baada ya kutumika, kwani kikikaa na unyevu bafuni huwa nyumba ya vijidudu. Kwa asidi, jaribu kwanza tone dogo nyuma ya sikio au ndani ya kiwiko na usubiri siku mbili. Pasipowasha, paka safu nyembamba usiku, usoni pakavu, mara moja kwa wiki. Mwezi ukipita salama, wenye ngozi ya mafuta wanaweza kufikia mara mbili. Wenye ngozi kavu wabaki kwenye moja. Njia yoyote uliyofuata, malizia kwa kupaka gliserini iliyochanganywa na maji, vaselini kidogo, au losheni isiyo na manukato. Usifanye gomaji siku ya harusi wala siku iliyotangulia. Acha siku tatu au nne, ili kama ngozi imekasirika ipate nafasi ya kutulia.

Jambo linalosahaulika zaidi Bukavu ni jua. Mji wetu uko karibu na digrii mbili na nusu kusini mwa ikweta, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,500. Miali ya jua isiyoonekana, ile inayoharibu ngozi, huongezeka kwa karibu asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000, na sehemu kubwa yake hupita kwenye mawingu mepesi. Upepo wa ziwa unatudanganya: kwa kuwa hatuungui kwa joto kama watu wa Uvira, tunadhani jua letu ni dogo. Miali hiyo haina joto la kuhisiwa. Wengine husema ngozi nyeusi haihitaji kinga. Ni kweli melanini hutukinga. Kipimo kilichochapishwa mwaka 1979 kiliukadiria utando wa ngozi nyeusi kuwa na kinga ya jua (SPF) ya wastani wa 13, dhidi ya takriban 3 kwa ngozi nyeupe. Lakini kinga hiyo huzuia kuungua zaidi ya inavyozuia madoa, na ngozi iliyotoka kufanyiwa gomaji imepunguziwa ulinzi. Majaribio yaliyofanywa Marekani kwa kutumia asidi glikoliki yalionyesha kwamba baada ya wiki nne ngozi huathirika na jua zaidi, na hali hiyo huondoka baada ya wiki moja ya kuacha. Kwa hiyo anayefanya gomaji bila kujikinga anaondoa doa usiku na kulirudisha mchana. Krimu ya kukinga jua yenye SPF ya 30 au zaidi ni bora, hasa yenye rangi ya kahawia, kwa kuwa madini ya chuma yaliyomo huzuia hata mwanga wa kawaida unaochochea weusi. Asiyeimudu avae kofia pana au abebe mwavuli. Ule ule wa mvua unatosha.

Lipo jambo ambalo siwezi kulipita, nalo ni mchanganyiko wa gomaji na kujichubua. Baadhi ya mitungi inayouzwa kama ya kulainisha uso ina haidrokwinoni, steroidi kali kama klobetasoli, au zebaki, chuma kile kile ambacho wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Kivu Kusini hukitumia kukamata dhahabu. Zebaki hupita kwenye ngozi na kudhuru figo na mishipa ya fahamu, na humfikia hata mtoto aliye tumboni. Steroidi hukondesha ngozi mpaka mishipa ikaonekana. Haidrokwinoni ikitumiwa kwa miaka huacha weusi wa bluu usiofutika, hali ambayo madaktari wa Afrika Kusini waliieleza tangu 1975. Umoja wa Ulaya uliiondoa kwenye krimu za ngozi mwaka 2001. Jirani zetu wa Rwanda, ng'ambo ya mto Ruzizi, walianza kuziondoa krimu hizo madukani kwa msako mwishoni mwa 2018. Sisi tuna mpaka ulio wazi na soko kubwa, kwa hiyo mlinzi wa kwanza ni mnunuzi mwenyewe. Krimu inayong'arisha uso ndani ya siku tatu, isiyo na orodha ya viungo, usiipeleke usoni. Na aliyekwisha kuzitumia kwa muda mrefu asifanye gomaji kabisa, wala asiache steroidi ghafla bila kumwona daktari, kwa sababu uso unaweza kulipuka kwa vipele.

Wapo wengine wasiopaswa kusugua: mwenye chunusi zilizovimba, mwenye ukurutu, mwenye kidonda, anayetumia dawa za chunusi kama tretinoini, na yeyote ambaye makovu yake huvimba na kukua. Mwanaume anayenyoa ndevu ajue kwamba wembe ni gomaji tayari. Kama ana vipele vya nywele zilizopinda na kurudi ndani, asivikwangue, apumzishe wembe au apunguze kwa mashine. Doa lililopauka ambalo likiguswa halihisi kitu linaweza kuwa ukoma, ugonjwa ambao bado upo nchini mwetu na dawa zake hutolewa bure. Doa hilo litibiwe kwenye kituo cha afya. Vipele vyenye maji au usaha, hasa vikija na homa, vinahitaji tahadhari ya pekee mkoani kwetu, kwani aina mpya ya mpox ilianza kuenea Kamituga mwaka 2023, na Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani likatangaza hali ya dharura. Ugonjwa huo huambukizwa kwa kugusana na kwa kushirikiana taulo. Ndiyo maana katika saluni una haki ya kudai kitambaa kilichofuliwa, mikono iliyooshwa kwa sabuni mbele yako, na wembe mpya. Mwenye saluni anayejali kazi yake hatachukia.

Limebaki pingamizi la gharama. Kweli, chupa nzuri ya asidi na krimu ya jua si vitu vya kila mfuko. Lakini hesabu ya haki huanza kwa kupunguza: acha jiwe, acha ndimu, acha sabuni kali, acha krimu ya kujichubua, na pesa nyingi imebaki nyumbani. Kinachobaki ni kitambaa cha pamba, maji safi, gliserini na mwavuli. Mtu mwenye vitu hivyo vinne, anayesugua mara moja kwa wiki bila pupa, atapata uso mzuri kuliko anayesugua kila jioni kwa bidhaa za bei ghali. Gomaji nzuri haimgeuzi mtu rangi wala haimwumizi. Humwacha na weusi wake, ukiwa laini na wenye afya. Ndugu msomaji, uso wako ukianza kuuma, ondoa mkono. Uache wiki nne upumzike kwa maji na mafuta tu, na madoa yakizidi, nenda ukamwone daktari kabla hujamwona muuza krimu.